Uzi Mweusi na Kidole cha Sita

Kando ya kidole changu cha mwisho, mkono wa kushoto, kuna kinundu kama punje ya harage. Hapo palikuwa na kidole cha sita. Kwetu Magharibi mwa Kenya mtoto akizaliwa hivyo, nyanya hukifunga uzi, kikakauka, kikaanguka. Mimi nilifungwa. Binti yangu nilimfunga mwenyewe, tena vizuri.

Basi mjukuu wangu alipojifungua msichana wa vidole sita, nilitoka Kibera na uzi mweusi mfukoni, ule ninaoshonea mitumba pale soko la Toi, nikaingia kwake Kawangware kifua mbele. Kitukuu wangu amechukua mkono wangu!

"Shosho, rudisha hiyo uzi," akaniambia nilipoutoa, hata sijaketi. Alisomea biolojia chuoni, kwa hivyo hatupumui.

"Mamako nilipomfunga alikufa?"

"Cha mama kilikuwa kinyama tu. Shika hiki."

Nikashika. Ndani mlikuwa na kitu kigumu. Kidole kikajikunja. Mfupa! Na mimi nilikuwa nimeshakata uzi kipimo chake.

"Sasa huyu wa sita ametumwa na nani?" nikauliza.

Jirani alikuwa anapika chapati. Mjukuu akasema, "Hapa mlangoni harufu ni kali, sivyo? Kule kwa geti ni kidogo. Ukifunga macho utajua uko wapi?"

"Na hii njaa? Nitajua."

"Basi mtoto akiwa tumboni, mkono bado uko kama kijiko, upande mmoja unatoa protini. Mahali imejaa panakuwa kidole cha mwisho. Ikizidi kupungua, vinakuja vile vingine. Huo ujumbe ukienda vibaya, unapata cha ziada. Na watu hurithishana."

Akasema hiyo protini wasomi wameiita kalunguyeye, kale kanyama ka miiba. Eti funza wa inzi akiikosa anajaa vimiba mwili mzima.

"Hao wasomi walikosa jina?" Nilicheka mpaka mtoto akashtuka.

"Na mkono ukiisha kutengenezwa, hiyo kalunguyeye inaenda wapi?" nikauliza.

"Inatulia, inabaki na kazi ndogo ndogo. Lakini ikianza tena kutoa ujumbe ndani ya mtu mzima bila kutumwa, inaweza kuleta kansa."

Hapo sikucheka. Kitu kilichonipa vidole vya kushika sindano, kumbe kinaweza pia kuniua.

Asubuhi tulienda hospitali wote watatu. Daktari akatuonyesha picha: mfupa, na kiungo chake. Akasema kitatolewa kwa upasuaji akikua kidogo, na kwamba uzi ungekiozesha na kumtia mtoto hatarini. Sikujitetea. Nilimwuliza tu, "Daktari, kidole hujuaje kikifika hapa kisimame, kisiendelee kurefuka?"

Akakuna kichwa. "Mama, hiyo swali ni ngumu."

Nikamtazama mjukuu wangu. Alikuwa anavifungua vidole vya mtoto, kimoja kimoja.

Ule uzi nilirudi nao Toi, nikapigia pindo la suruali ya mtu.