Ukakasi wa Mkandaa

Quinter alipoachishwa kazi kiwandani, jirani yake Sidi alimchukua hadi ufuoni Junda, kwenye kikundi cha akina mama wanaopanda mikoko. Kwao Quinter, kandokando ya ziwa, alikuwa akijua matete na mafunjo. Huku kila mti ulikuwa mkoko tu machoni pake.

Sidi hakujua kusoma, lakini miti ile aliijua tangu utotoni. Alimfundisha kwa ulimi na vidole. Mchu, ulambe jani lake, lina chumvi. Mlilana husimama mbele, majini kabisa. Mkandaa, kwaruza gome utafune kidogo, utashika ulimi kwa ukakasi. Quinter alitafuna, akatema, akaandika daftarini. Baada ya miaka miwili akachaguliwa karani wa kikundi, na wageni wakija kuuliza majina ya miti, yeye ndiye aliyeitwa.

Mvua za Aprili zikaangusha jiko la Sidi. Wiki mbili baadaye askari wa misitu walikuta kwake mzigo wa fito za kujengea zilizoambuliwa maganda. Kukata mikoko ni marufuku, kwa hiyo Sidi akasema ni mwarobaini, kakata shambani kwa kakake. Mkubwa wao alikuwa mgeni huku pwani, hakuweza kutofautisha. Akaagiza aitwe karani.

Quinter alifika mikono ina tope. Sidi alikuwa ameketi kwenye kinu kilichopinduliwa, hakumtazama. Ufito mmoja ulikuwa umebakiza gome kidogo karibu na fundo. Quinter akalikwaruza kwa ukucha, akatia mdomoni. Mwarobaini ungekuwa mchungu. Huu ulishika ulimi.

Akafikiria kusema hajui. Wenzake watatu wa kikundi walikuwa wamesimama mlangoni, na wao pia walijua.

"Ni mkandaa," akasema.

Katika mahakama ya Shanzu hakimu alimuuliza amejuaje, ilhali hakusomea miti.

"Nilifundishwa."

"Na nani?"

"Na huyo mama," Quinter akajibu, na kumwonyesha Sidi kizimbani. Kuna mtu nyuma alicheka kidogo, kisha akakohoa.

Sidi alihukumiwa kuhudumu miezi mitatu katika kitalu cha kikundi chake mwenyewe, na Quinter ndiye wa kutia alama kila siku kwamba amefika. Alifika kila siku, mapema kuliko wote. Alijaza tope kwenye mifuko, akapanga miche, akaenda zake. Quinter alipomsalimu shikamoo, aliitikia marahaba kama anavyoitikiwa mtu baki. Jiko lake likabaki limefunikwa turubai. Quinter alimpelekea mabati mawili makuukuu. Kesho yake aliyakuta yameegemezwa ukutani kwake.

Mwezi wa pili wa adhabu hiyo ililetwa miche kutoka upande wa Mtongwe, na kati yake mmoja Quinter hakuutambua. Jani lake lilikuwa nene, na ncha yake imebonyea kidogo. Alilamba, hakupata kitu. Sidi alikuwa amechutama hatua tatu tu kutoka pale.

"Mama, huu ni mti gani?"

Sidi aliuangalia ule mche kwa muda. Ilionekana wazi kwamba anaujua.

"Kaulize mahakamani," akasema, akarudi kwenye mifuko yake.

Quinter akafungua daftari. Akaandika tarehe na idadi, mahali pa jina akapaacha wazi, akashika mche uliofuata.