Notburga na Damu ya Namba Thelathini na Moja

Haya ninayoyaandika hamtayaamini, hasa ninyi mnaonifahamu. Katibu wa jumuiya ameomba kila familia hapa Bombambili, Songea, iandike maisha ya mtu wake mmoja kwa ajili ya kijitabu cha jubilei, nasi tumemchagua Notburga, binti wa dada yangu Imaculata. Kuandika nimepewa mimi kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri kuliko wa wote nyumbani. Niliishia darasa la saba, lakini nilikaa humo miaka miwili, kwa hiyo nililisoma vizuri.

Notburga alizaliwa hapa hapa, nyuma ya mashine ya kusaga ya Kajetani. Mama yake anauza maharage na dagaa wa Nyasa sokoni Majengo. Baba yake, mwalimu Saimon, anafundisha Namtumbo na huja nyumbani Jumamosi. Watoto wengine walikusanya vifuniko vya soda. Yeye alikusanya zile karatasi zinazokunjwa ndani ya maboksi ya dawa, zenye maandishi madogo kama chawa, akawa anawasomea watu kwa sauti. Shangazi yake Theodosia aliwahi kugoma kumeza dawa ya malaria kwa sababu mtoto wa miaka kumi alimsomea kwamba inaweza kuleta kizunguzungu, kichefuchefu na, kwa wachache, ndoto za kutisha.

"Ndoto za kutisha ninazo tayari," Theodosia alisema. "Sihitaji za kwenye boksi."

Notburga akasoma ufamasia, akarudi Songea, akakaa miaka mitatu kwenye dirisha la dawa akigawa vidonge. Pale dirishani ndipo alipoanza kusumbuliwa na jambo moja. Watu wawili wanapewa dawa ileile, kipimo kilekile. Baada ya mwezi, mmoja anarudi anacheka, mwenzake anarudi ameshikiliwa na wanawe. Mimi ningesema ni bahati. Yeye akaenda kutafuta sababu, na kumbe sababu hiyo ina watu wanaoisomea mpaka uzeeni. Inaitwa famakojenomiki. Nimejifunza kuitamka kwa wiki nzima, na sasa naitamka hata bila kuulizwa. Maana yake ni hii: kila mtu amerithi kwa wazazi wake namna mwili unavyoichoma dawa. Mwingine anaichoma upesi kama moto wa mabua, haijafanya kazi imekwisha. Mwingine anaichoma polepole, inarundikana mwilini, inamlevya.

Akaomba mafunzo ya shahada ya uzamivu, yale ya kimataifa. Walichukuliwa wanafunzi kumi kutoka nchi kumi. Kila mmoja ana maprofesa wawili wa kumsimamia, na Notburga mmoja wake yuko Dar es Salaam, mwingine Uholanzi. Miezi miwili kila mwaka anakwenda huko Uholanzi kwenye maabara, miezi mingine anakusanya damu Songea. Wanafunzi wote kumi hukutana kwa simu za video kila mwezi, na mwisho wa mwaka wa pili kila mmoja anasimama mbele ya jopo. Jopo likiridhika, unaendelea. Lisiporidhika, unarudi dirishani. Hilo mlikumbuke.

Kazi yake ilikuwa ya dawa ya presha. Alihitaji watu sitini wanaoimeza, wachukuliwe damu mara tatu. Nami nina presha; nikamwambia anichukue.

"Mjomba, mimi sichukui mtu," akasema. "Nenda kwa nesi Evaline kliniki. Yeye ndiye anayeandikisha, anakupa namba. Mimi naziona namba tu, majina siyaoni."

"Hata la mjomba wako?"

"La mjomba wangu ndiyo kabisa."

Nikaenda. Nikapewa kadi, namba thelathini na moja. Evaline kila mwezi alivihesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo langu, na kila mwezi vikatimia sawasawa. Akaniuliza kama nimeruka siku yoyote. Sijaruka hata moja, na huo ndio ukweli mtupu.

Sasa njooni Jumamosi moja ya mwezi wa saba. Baridi ya Songea mnaijua. Tulikuwa jikoni kwa Imaculata tunakula ugali na maharage, mimi, dada yangu, mwalimu Saimon na Notburga. Jopo lake lilikuwa Jumatano inayofuata. Nimezoea kumwona mtoto yule akila kama anayehesabu punje, lakini siku hiyo alikuwa na furaha ya kutaka kupaa.

"Nimepata kitu," akasema. "Kuna mtu mmoja, namba thelathini na moja. Jeni zake zinasema anaichoma dawa polepole kabisa. Damu yake ilitakiwa ijae dawa. Tumepima mara tatu, na mara zote tumekuta nusu."

"Maana yake nini?" akauliza baba yake.

"Maana yake ana kitu kingine mwilini ambacho hakijaandikwa popote. Profesa wa Uholanzi ameniambia nikiweke mbele kwenye mada yangu. Nimekijengea sura nzima."

Mimi, mwenye kadi ya thelathini na moja mfukoni, nikanyoosha mgongo. Kwa muda wa matonge mawili nilikuwa mtu mwenye damu isiyoandikwa popote. Nikaanza kufikiria nitakavyoingia kanisani kesho, nikae benchi lipi. Halafu lile neno likanirudia. Nusu. Nikalirudisha tonge sahanini.

Nieleze. Nilipoanza dawa ile, nikimeza kidonge kizima, kabla sijafika genge langu la kutengeneza baiskeli dunia ilikuwa inazunguka. Siku ya nne nilidondoka na baiskeli ya mteja mbele ya watu, na mteja mwenyewe akiwemo. Nikaamua kukata kidonge kwa kisu cha kukatia mipira, nikawa nameza kipande kimoja. Sasa dawa ya hospitali unaitupaje? Kajetani wa mashine ya kusaga naye ana presha, na kliniki haendi, anasema foleni inampandisha presha zaidi. Kipande cha pili nikawa nampa yeye, kila asubuhi. Hivi ndivyo tunavyoishi huku. Mwenye dawa ya kikohozi anampa jirani anayekohoa, na hakuna anayeona ajabu.

Nilikwenda kwa Kajetani jioni ileile, kabla hajafunga mashine, nikamweleza.

"Kwa hiyo ukinyamaza, wewe unakuwa mtu maarufu," akasema huku anapangusa unga kwenye nyusi.

"Mpaka Uholanzi."

"Na mtoto?"

"Mtoto atasimama mbele ya maprofesa aseme uongo bila kujua."

Akazima mashine. "Basi mimi na wewe ni wajinga wawili kwenye kidonge kimoja. Nenda ukamwambie. Umaarufu wenyewe ungeuvalia nini? Hayo makobazi?"

Nilimsubiri Notburga Jumapili baada ya misa ya kwanza, nikamtoa pembeni, nikampa kadi. Aliisoma namba, akataka kunirudishia upesi kama imemuunguza.

"Mjomba, sitakiwi kujua hii!"

"Nakujulisha mwenyewe. Damu yangu haina maajabu, mama. Ile dawa naikata nusu."

Nikamweleza yote, kisu, baiskeli, Kajetani. Nilitegemea atapiga kelele. Hakupiga. Alikaa kwenye ngazi za kanisa na gauni lake jeupe hadi watu wa misa ya pili wakaanza kuingia.

"Sura nzima," akasema. "Kurasa ishirini na sita."

"Nimeharibu."

"Umeharibu." Kisha akanitazama. "Ulisema ukimeza kizima ulikuwa unapata kizunguzungu?"

"Mpaka nikadondoka."

"Ndivyo jeni zako zilivyosema. Zilikuwa sahihi tangu mwanzo. Aliyekosea ni mimi, kupitia Evaline niliuliza kama umemeza kila siku, sikuuliza umemeza kiasi gani." Akasimama. "Na kama wewe unagawa, wangapi wengine wanagawa?"

Jumatatu na Jumanne yeye na nesi Evaline walipita nyumba kwa nyumba, Evaline mbele kwa kuwa ndiye mwenye majina. Swali lilikuwa moja tu: hii dawa unaimeza peke yako? Kati ya sitini, kumi na wanne waligawa. Mmoja alimpa mkewe, mmoja mwenye nyumba wake, na bibi mmoja alikuwa anampa mbuzi, ingawa hilo Evaline amekataa kuliandika. Kajetani alipelekwa kliniki akakutwa na presha ya kutisha, sasa ana kadi yake na vidonge vyake. Mimi daktari amenipunguzia kipimo kwa maandishi, na kile kisu kimerudi kwenye mipira.

Kisha ikaja Jumatano. Notburga aliondoa kurasa ishirini na sita, akaweka mahali pake habari ya wale kumi na wanne, na akasema wazi kwamba alikuwa karibu kutangaza kitu kisichokuwepo. Alikaa chumbani kwa mama yake, jopo likimsikiliza kwa video, kompyuta juu ya gunia la maharage, nasi tukakaa ukumbini tukizuia hata kuku wasilie. Nilisikia kila neno kupitia ukutani, ingawa kilikuwa Kiingereza. Akamaliza. Halafu maprofesa wote thelathini wakainuka kwenye viti vyao kwa pamoja, wakapiga makofi, na mwenyekiti, mzee wa miaka tisini, akafuta machozi kwa tai yake akisema kwamba tangu aanze kufundisha hajapata kuona msichana jasiri kama huyu wa Songea, na kwamba kuanzia siku hiyo Uholanzi nzima ita—

"Mjomba." Ni Notburga, amesimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai, sijui tangu ukurasa gani. "Walikuwa wanne. Mwenyekiti ni mwanamke, na hakulia. Wamenipa miezi minne nirudie vipimo vya wale kumi na wanne, ndipo waamue. Andika hivyo."