Yabesi, Jina Aliloweza Kulitamka Mama

Nilikuwa na majina mawili, na mama yangu aliweza kutamka moja tu. La kwanza lilikuwa la babu mzaa baba, kwa kuwa kwetu milimani, juu ya Same, mtoto wa kwanza wa kiume hurithi jina la babu yake. Lakini mke hatamki jina la baba mkwe, hata kama mzee yuko kaburini, hata kama jina lenyewe amepewa mtoto aliyemnyonyesha yeye. Kwa hiyo Baba na majirani waliniita la babu. Mama aliniita la ubatizo: Yabesi.

Sikulijali jina hilo mpaka darasa la kipaimara. Mwalimu wa kanisa alifungua Mambo ya Nyakati, pale penye majina marefu ambayo watu huyaruka, akatuonyesha Yabesi wa kwanza. Mama yake alimwita hivyo kwa sababu alimzaa kwa huzuni. Kwa Kiebrania jina lenyewe linagusa maumivu. Alieleza pia kwamba mtu huyo aliomba akasikilizwa, akaheshimiwa kuliko ndugu zake. Hilo hakuna aliyelishika. Tangu siku hiyo, mvua ikichelewa au ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, ikivuja, lawama zilikuwa zangu.

"Si tunaye Huzuni hapa!" walisema wenzangu.

Nilichoka jamani. Nilichoka kama mtu aliyebebeshwa kuni za nyumba nyingine. Nilijua Mama alizika mabinti wawili kabla yangu, na nilimhurumia, lakini kwa nini msiba wake uitwe mimi?

Jioni moja Baba alipanda kutoka mashamba ya mkonge ya Mwingereza, huko tambarare. Tukiwa tunakula nilisema kwamba kuanzia hapo ningeitika jina la babu peke yake. Baba alifurahi. Mama aliendelea kupakua maharage.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kimya. Sikuelewa mpaka zamu yetu ya maji ilipofika, nami nikawa ng'ambo ya bonde nikizibua mfereji. Nilimwona Mama akishuka mteremko, akavuka kijito, akaanza kupanda kwangu, mkono umeshika goti. Zamani angesimama tu uani na kupaza sauti. Alipofika alinigusa bega.

"Ugali unapoa," alisema, akihema.

"Mama, si ungeniita tu?"

Alinitazama bila hasira. Ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Ningemwita nani?"

Nilimshika mkono tukashuka polepole, kwa ajili ya magoti yake. Tulipofika kijitoni nilimwambia, "Niite Yabesi, Mama."

Akasema leo amechoka, ataniita kesho.