Kitanda Bila Chai

Mama yangu amepika maisha yake yote, na sikumbuki kumwona akila ameketi. Nyumbani kwetu Bunda anapakua, anagawa, ananawisha wageni mikono, kisha anarudi jikoni kula kilichobaki akiwa amesimama, jicho moja kwenye sufuria. Akipika kuku, firigisi ilikuwa ya baba. Baba alipofariki ikarithiwa na kaka, pamoja na baiskeli. Hakuna aliyeitisha kikao cha ukoo kulijadili jambo hilo. Siku kuku wa kwanza alipopikwa baada ya matanga, firigisi ilijiendea yenyewe hadi kwenye sahani ya kaka.

Kwa hiyo magoti ya mama yalipoanza kumsumbua, nilitaka kitu kimoja tu: akae mahali, hata kwa siku mbili, aletewe chakula ambacho hakukipika yeye. Nilimweleza kaka, ambaye ni mwalimu kule Butiama na hakuna jambo hapa duniani asilolijua.

Hoteli tuliyoiona iko ufukweni mwa ziwa, ukishapita Buhare, na ni ya kifahari kweli: kitanda kimoja kina mito mingi kuliko nyumba yetu nzima. Ilikuwa na pakeji mbili. Ya kwanza ilikuwa na kila kitu, yaani chai ya asubuhi, chakula cha mchana na cha jioni, viti vya ufukweni, hata mtu wa kukukanda mgongo. Ya pili ilikuwa kitanda. Picha zilizotumwa kwenye simu zilikuwa zilezile kwa pakeji zote mbili, na hapo ndipo kaka alipoonyesha utaalamu wake.

"Hawa watu mimi nawajua, tulikuwaga tunapelekwa semina," aliniambia. "Chai ya hoteli ni majani yaleyale. Lipia kitanda, vingine mbwembwe."

Kaka alikuwa amechangia, na mchangiaji huwa na sauti nzito. Tukalipia kitanda, kisha tukapongezana kwa simu jinsi tulivyowapiga chenga matajiri.

Mama alishuka stendi ya Musoma amevaa kitenge chake cha kanisani, na mkononi amebeba tetea mnene aliyefungwa miguu. Nilimweleza kwamba hotelini watu hawaendi na kuku. Akaniuliza mimi nimelelewa na nani, hata nione sawa kwenda kulala kwa watu mikono mitupu. Swali hilo halina jibu, hasa likiulizwa na aliyekulea. Tukaingia kwenye bajaji watatu.

Mapokezi tulimkuta binti mwenye adabu zake. Alimwamkia mama vizuri, na mama akataka kujua kwao ni wapi. Alipotaja Murangi, mama akauliza habari za wazazi wake, za mihogo na za mvua, kisha akamkabidhi kuku. Binti alimpokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, halafu akabaki naye kifuani huku akiitazama kompyuta. Nadhani kompyuta ile ilikuwa na mahali pa kuandika kila kitu isipokuwa zawadi. Mwishowe akampeleka nyuma.

Aliporudi alitufunga utepe mweupe mkononi, akatueleza maana yake kwa upole wa daktari mwenye majibu mabaya. Wenye utepe wa kijani walikuwa na pakeji kamili. Sisi weupe tulikuwa na kitanda. Maji ya kunywa yalikuwa ya kununua, chai ya kununua, na viti vyenye miavuli kule ufukweni vilikuwa vya watu wa kijani. Upepo wa ziwa ulikuwa bado haujawekewa bei. Labda walikuwa wanalishughulikia jambo hilo.

Mama hayo yote alimwitikia binti kwa kichwa, kama mtu anayesikiliza matangazo ya parokia nyingine. Kisha akaketi barazani, karibu na sehemu ya kulia chakula, akakunja mikono. Nilimwuliza anangoja nini.

"Si wanachinja?" akasema. "Usiwaharakishe."

Nilipata uchungu hapo, sitaficha. Huyo ndiye mama niliyetaka kumwona: ameketi, hana haraka, ana uhakika kwamba watu wako jikoni kwa ajili yake. Watu wa kijani walipita na sahani zilizojaa hadi zikatisha. Kila mhudumu aliyetokea mlangoni, mama alijiweka vizuri kwenye kiti. Kila alipotupita, mama alitabasamu, akanieleza kwamba kuku wa kienyeji huchelewa kuiva.

Nikaenda kuagiza sato. Bei yake ilinifanya nifikiri samaki huyo alisomea ng'ambo. Niliagiza hivyohivyo, nikamwomba mhudumu alete kimyakimya, mama asijue. Alielewa sana. Alileta risiti kwanza, kwenye kisahani chake, akaiweka mbele ya mama, ndipo akamfuata samaki.

"Unalipa nini?" mama aliuliza aliponiona nikitoa noti chini ya meza.

"Chakula, mama."

"Changu?"

Mama aliitazama risiti, akautazama na utepe wake.

"Kumbe hapa ni dukani," akasema, bila hasira yoyote. "Basi naomba kuku wangu."

Sato hakumgusa. Niliomba nifungiwe niondoke naye, na boksi la kumfungia nalo lilikuwa na bei yake.

Binti wa mapokezi alitupeleka nyuma ya jiko, macho yake chini. Tulimkuta tetea amefungwa penye kivuli, mbele yake bakuli la maji safi na wali uliobaki kwa watu wa kijani. Maji bure, wali bure, kivuli bure. Katika familia yetu yote, aliyepata pakeji kamili hotelini pale alikuwa kuku.

Hatukulala. Tulikiacha kitanda na mito yake, tukarudi Mukendo ninakopanga. Mama alinyoosha moja kwa moja jikoni kwangu kutafuta kisu. Nikakiwahi.

"Kaa, mama."

"Nikae, nani apike?"

"Mwenyeji wako."

Aliketi kwenye kigoda kwa shingo upande. Jirani alinichinjia, mimi nikapika, naye mama akanisahihisha kutoka palepale alipokaa, kuanzia kitunguu hadi moto. Kaka akapiga simu kuuliza kitanda kikoje. Nilimjibu kuwa ni kizuri sana, hakina hata mkunjo.

Chakula kilipoiva nilichukua jagi na beseni, nikamnawisha mama mikono. Alitaka kuninyang'anya jagi, nikalishikilia. Maji yalipita juu ya ule utepe mweupe, ambao hakuna aliyekumbuka kuukata. Kisha nikampakulia yeye kwanza, na firigisi nikaiweka juu.

Aliisogeza kwa kidole hadi ukingoni mwa sahani.

"Hii ya kaka yako. Mfunikie."

"Kaka hayumo kwenye pakeji, mama."

Alinitazama, akautazama mlango, nadhani kuona kama kuna mtu anakuja. Kisha akaichukua, akaitafuna taratibu, ameketi.

"Kumbe ilikuwaga tamu hivi," akasema.