Tulivyodai Ubongo wa Mama

Mama alipokufa kwa malale katika hospitali ya Kasongo, Wabelgiji wakiwa bado wanatutawala, walitukabidhi mwili wake ukiwa na bendeji kichwani, na onyo kwamba tusiifungue. Mkataze shangazi yangu jambo, uone. Tena nyumbani kwetu mwanamke hakuzikwa na nywele matimutimu, na shangazi, dada ya baba, ndiye aliyekuwa akimsuka wifi yake tangu alipoolewa. Angemsukaje juu ya bendeji?

Chini ya ile bendeji tulikuta mshono, sikio hadi sikio, kama wa gunia la mpunga. Shangazi akabonyeza kidogo, akanyamaza. Sikuwa nimewahi kumwona amenyamaza, ndipo nikaogopa.

"Ndani hamuna kitu," akasema.

Mama hangeweza kuzikwa nusu. Tukawaachia majirani maiti, tukarudi hospitali, shangazi mbele, mimi nyuma nikihema.

Daktari alikuwa Mzungu kijana, si mtu mbaya. Alitupa viti barazani, akatueleza kwa Kiswahili chake cha kuchechemea. Malale huanza kwenye damu, kisha hupanda ubongoni. Ndiyo maana mama alikuwa akisinzia mchana na kijiko kingali mdomoni, na usiku akizunguka uani akiita kuku. Ubongo uliotolewa sasa hivi ni laini kama uji mzito, haukatiki. Huwekwa katika dawa ya formalini wiki nyingi mpaka ushikane, halafu hukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini, ijulikane ugonjwa umekula wapi. Baadaye husafirishwa Ulaya. Kusema kweli, maelezo yale yalinivutia. Mama alikuwa ametutoka kidogo kidogo kabla ya kufa, na mimi pia nilitaka kujua alikuwa akienda wapi.

Shangazi hakuvutiwa. Aliuliza ni nani aliyetoa ruhusa. Daktari akasema maiti haombwi ruhusa, na angewauliza ndugu wote wangekataa, na watoto wetu wangeendelea kufa. Hayakuwa maneno ya kijinga.

"Ungeuliza tu," shangazi akamwambia. "Ule mama hakunyima mutu kitu. Lakini alipenda aombwe."

Na ni kweli. Mama aliwaazima watu kinu, mchi, mbegu, hata mimi mwenyewe wakati wa mavuno. Ila aliyechukua chake bila kuomba, ulimi wa mama ulimfuata hadi ng'ambo ya mto Lualaba.

Maneno yalipokwisha, shangazi akaketi chini mbele ya mlango wa maabara, akafungua kilio. Alikuwa fundi wa kulia, aliitwa matangani hadi vijiji vya mbali. Wagonjwa barazani nao wakaanza kumwitikia, wale waliokuwa macho. Daktari alivumilia kidogo, akaingia ndani, akatoka na ndoo ndogo yenye kifuniko. Alisema tuchukue twende. Shangazi akapangusa uso na kumshukuru kwa adabu zote.

Tulitembea kama watu waliorudi na ushindi. Ile dawa ilichoma macho, basi kila tuliyekutana naye njiani alitupa pole kwa machozi yetu.

Tukajifungia chumbani, wawili tu. Shangazi alitandika kitambaa cheupe, akaniambia nikinge mikono taratibu, maana tuliambiwa ni uji. Nikakinga. Kilichotua mikononi mwangu kilikuwa kigumu, cha kijivu, kama muhogo uliochemshwa ukalala. Hakikumwagika, hakikulegea. Tukatazamana. Mama alikuwa amekufa jana tu, na hiki kilikuwa kimekaa dawani wiki nyingi.

Nilitaka nirudi nikamtupie daktari ndoo yake usoni. Shangazi alinishika kifundo cha mkono.

"Huyu naye ni mutoto ya mutu," akasema. "Tukimurudisha, watamukata. Alale hapa na mama."

Pengine alikuwa mchimba dhahabu wa Salamabila, pengine bibi wa Kabambare aliyekosa ndugu wa kumfuata. Shangazi alimwosha kwa maji safi, akamfunga kitambaa, akamlaza karibu na shingo ya mama, halafu akasuka nywele juu ya mshono, akaimaliza kazi yake vizuri. Nje aliwaambia watu kwamba tumepata. Wote wakapumua. Mkatekista akasali, tukazika, watu wakala.

Tangu hapo nikienda kupalilia kaburi nasalimia wawili, na yule wa pili namwomba radhi kwa kutomjua jina. Mama yuko Ulaya, vipande vyembamba juu ya vioo, na kama vimeponya mtoto wa mtu, nafurahi, yeye pia angefurahi. Lakini huyu mgeni wetu alioshwa, akaliliwa. Mama yangu, huko aliko, sijui kama kuna hata mmoja aliyewahi kumwambia hodi.