Wanangu Wanasema Nilichagua Ukunga kwa Ajili ya Mama Yangu

Admin, jina langu lifiche, na mtaa pia usiutaje, maana hapa Shinyanga mjini tunajuana. Mimi ni mama wa miaka sitini na sita, mjane, nesi mkunga mstaafu. Naishi na mjukuu wangu, nimwite Zai, ana miaka kumi na saba na amemaliza kidato cha nne. Najua humu wengi ni vijana, mtanivumilia.

Nianzie mbali kidogo. Miaka ya sabini, nikiwa na umri kama wa Zai, mama yangu alifariki akijifungua. Mtoto naye hakukaa. Baba alikuwa fundi cherehani, mtu wa Tabora, mpole sana. Watu walijaa nyumbani, wakapika, wakasoma dua, wakaondoka. Mimi sikulia. Nilikuwa naosha vyombo. Kuna sufuria niliisugua mpaka mama mkubwa, dada yake mama aliyetoka Songwa, akaninyang'anya.

Arobaini haijafika, mwalimu wetu akaja nyumbani. Akamwambia baba, "Mzee, huyu binti ana kichwa. Ualimu anauweza, uuguzi anauweza, hata kuendelea na masomo ya juu anaweza. Lakini tumuulize mwenyewe."

Baba akaacha cherehani, akanigeukia. "Haya mwanangu, sema unachotaka. Mimi sikulazimishi."

Jamani, ni baba wangapi enzi zile walimuuliza binti? Nilijua kabisa kwamba napewa heshima kubwa. Nikatafuta ndani yangu kitu cha kusema, sikukiona. Si kwamba niliogopa. Hakukuwa na kitu. Nikasema, "Sijui, baba." Akasubiri. Nikasema tena, "Sijui."

Mama mkubwa ndiye aliyejibu. "Ng'wanawane, huyu mwanangu, aende unesi. Mdogo wangu angepata mkunga wa maana leo angekuwa hai. Aende akawaokoe mama za wenzake." Watu wakaanza kulia. Mwalimu akafuta macho. Baba akanishika kichwani, akasema, "Umechagua vizuri, mwanangu." Nilikuwa sijafungua mdomo.

Basi nikaenda chuo, nikafaulu, nikapangiwa zahanati ya kijiji upande wa Segese. Kazi niliifanya vizuri, hilo sitalificha. Yule mama wa kwanza niliyemzalisha peke yangu alicheka na kulia kwa pamoja, akaniambia mtoto ataitwa jina langu. Nikamwambia asante, nikafunga kitovu, nikaenda kunawa mikono. Nikadhani ni uchovu, furaha itakuja kesho. Haikuja. Nikaolewa, nikazaa wanangu wawili wa kiume, nikazeeka kazini. Siku ya kuniaga watu walinililia. Mimi nilikuwa naangalia kama wali utawatosha.

Huku nyuma hadithi ikakua. Kila harusi, kila msiba, wanangu wanasimulia: "Mama yetu alifiwa na mama yake kwenye uzazi, akaapa atakuwa mkunga." Sijawahi kuapa. Mara ya kwanza nilipoisikia nilinyamaza, na baadaye ikawa aibu kuisahihisha.

Mwaka jana mwanangu mkubwa, baba yake Zai, alifariki huko Geita. Alikuwa mchimbaji, duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, likawafukia yeye na wenzake wakiwa chini. Simu ilipopigwa nilikuwa nachambua mchicha. Nikauchambua mpaka ukaisha. Majirani wakasema, "Huyu ni nesi, vifo amevizoea." Zai naye hakulia. Anafua, anafagia, anaamkia wageni vizuri, ukimwambia lala analala.

Sasa baba yake mdogo, ambaye ndiye anamsomesha, anataka Zai asomee uhandisi wa migodi, ili maduara yasiendelee kuua baba za watu. Ni mtu mwema, anampenda sana mtoto wa kaka yake. Alimuuliza vizuri tu, kwa upole. Zai akamjibu, "Sijui, baba." Akamuuliza tena, jibu likawa lilelile. Ndipo akanipigia mimi. "Mama, wewe ndiye wa kuongea naye. Msimulie ulivyochagua ukunga baada ya bibi kufa. Akikusikia wewe ataamka." Anakuja Ijumaa baada ya swala, pamoja na wajomba zake Zai, wamalize jambo hili.

Juzi tukiwa tunakula, Zai akaniuliza, "Bibi, siku ile ulipochagua, ulijisikiaje?"

Nikamwambia, "Kula kwanza, ugali unapoa."

Akala. Hakuuliza tena.

Nikisema kweli, mwanangu atajua kwamba yule mama anayejivunia miaka yote hakuwahi kuwepo. Tena siwezi kusema kazi ile ilikuwa mbaya. Watoto wa watu walizaliwa wazima, na wangu walisoma. Huenda hata Zai atakuwa mhandisi mzuri sana. Ningekuwa na ndoto yangu iliyozimwa, ningekuwa na la kumwambia, ila sikuwa nayo, na hata leo mkiniuliza ningependa kuwa nani, sina jibu. Nikifikiria, naona siku ile pale nyumbani alikosekana mtu mmoja tu wa kumwambia baba, "Mwacheni kwanza, huyu mtoto amefiwa."

Ndugu zangu, sitaki mnishauri Zai asomee nini. Nishaurini hili: Ijumaa watu wakishakaa, chai imeshaletwa, mwanangu akasema, "Haya mama, msimulie," na mtoto ananiangalia, nianze na neno gani? Na kama kuna yeyote humu aliyewahi kuwa hivi, ndani hakuna kitu, halafu akarudi, atuambie alirudije. Mimi nimeshazoea. Lakini yeye ana miaka kumi na saba.