Diski Mpya Studioni kwa Mama Mkwe

Mtaani walimwita Mama Picha, ingawa studio haikuwa yake. Ilikuwa ya mama mkwe wake, katika chumba cha mbele cha nyumba waliyoishi wote, dirisha limezibwa ili mwanga wa nje usiingie. Alipoolewa tu, mama mkwe akagundua kwamba bi harusi anajua kompyuta. "Nisaidie wiki hii tu, mwanangu." Kazi ya kwanza ikawa kupanga picha za harusi yake mwenyewe. Wiki hiyo haikuisha hadi mtoto wake akaanza shule.

Siku moja dada yake, aliyefungua chekechea mji mwingine, akampigia simu: "Nimekuwekea darasa la kufundisha. Njoo na mwanao. Shemeji akirudi na lori lake, atatukuta huku."

Juma lile lile kompyuta ikagoma. Diski imejaa, picha mpya haziingii. Akaenda kwa mama mkwe kwa uso wa msiba, moyoni anashangilia.

"Mama, mashine imefika mwisho."

"Wapi!" Mama mkwe akachomoa pakiti mkobani. "Muuzaji kasema hii ndiyo diski ya kisasa. Nyepesi kama biskuti. Si wewe ndiye fundi?"

Akafungua kasha la kompyuta, akapangusa vumbi kwa mswaki mkuukuu. Diski mpya akaikaza kwa skrubu. Ya zamani akaiacha chini yake, itunze picha za nyuma. Kwenye waya wa umeme wa diski zote mbili vidole vikasita. Akiuacha legelege, nani atajua? Lakini kwenye ile ya zamani mlikuwa na picha za mwanawe akiwa mchanga, na za marehemu wa watu. Akausukuma mpaka ukaingia sawasawa.

Kunakili programu na kazi za karibuni kwenye diski mpya kulichukua mchana kutwa, naye hakuthubutu kuinuka. Dada akapiga tena.

"Bado kidogo, dada."

"Hiyo bado kidogo yako imeshaota mvi."

Mashine ilipowashwa upya, mama mkwe alipiga makofi. "Imewaka hata sijapiga chafya! Sasa tutapokea harusi mbili kwa mpigo."

"Mama, nimfundishe wifi kazi hii. Mimi nataka kuondoka."

Afadhali mama mkwe angefoka. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akavua miwani. "Wifi yako hata simu iliyozimika huiambia haloo. Ukiondoka nafunga, mwanangu. Na hii ndiyo inayotulisha."

Usiku mumewe akasema simuni, sauti ikimezwa na ngurumo za lori: "Vumilia, mke wangu. Mama hana mwingine."

Darasa likapewa mwalimu mwingine. Dada hakununa, alisema tu, "Haya, nimeelewa," na hilo ndilo lililomchoma.

Bado yupo. Jana bi harusi mmoja aliinama sikioni mwake: "Dada, nipunguzie tumbo kidogo." Akampunguzia. Nje ya pazia, mama mkwe alikuwa tayari anamkaribisha mwingine.